Gari imeoshwa ila mkono bado unasikia chenga: maswali yenu kuhusu klei

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ni nyeusi, naiosha kila wiki na shampuu ya gari kabisa sio sabuni ya vyombo, lakini ikishakauka nikipitisha mkono kwenye boneti nasikia vitu kama mchanga vimegandia pale. Rafiki yangu kanambia dawa yake ni klei, nikanunua, sasa iko tu kwenye kiboksi chake naiangalia maana jirani kanitisha eti klei inakula rangi. Nani mkweli hapo, na kama naanza naanzaje?

JIBU: Salama kabisa. Rafiki yako yuko sahihi, na jirani naye hajadanganya sana, inategemea mkono wa mtu. Hizo chenga zimejishikiza kwenye rangi yenyewe: vumbi la chuma linalotoka kwenye breki, vitone vya lami, utomvu wa miti, hata rangi ya kupuliza kama kuna mtu alikuwa anapaka geti karibu na ulipopaki. Shampuu inatoa uchafu uliolala juu, hivyo vingine inavipita tu. Klei tunayoiongelea sio udongo wa kuchimba, ni kitu cha kiwandani kinachonata kidogo na ndani kina chembe laini za kusugua, ikipita juu ya rangi inanasa kile kilichochomoza na kuondoka nacho.

Kwanza hakikisha unaihitaji. Osha gari vizuri, kausha, halafu vaa mfuko laini wa plastiki mkononi kama glavu na upitishe vidole polepole, utashangaa, vidole vinasikia mpaka vile ambavyo ngozi tupu haivisikii. Panapoteleza achana napo. Watu wengi wanapiga klei gari nzima kisa tu wameshanunua, mi naona ni kujichosha bure na kusugua rangi isiyo na kosa, mara nyingi sehemu zinazoihitaji ni boneti, bampa la mbele na milango kwa chini karibu na matairi. Kama ukipata ile dawa ya kupuliza inayoyeyusha chuma na kugeuka zambarau, tangulia nayo halafu suuza, klei itabaki na kazi ndogo.

Sasa kazi yenyewe. Paki kivulini na bodi iwe imepoa kabisa. Usichukue klei yote, kata kipande, kikande mpaka kilainike, kikigoma kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, halafu kibonyeze kiwe bapa la kutosha vidole vitatu. Kilainishi ndo roho ya kazi yote na ndo watu wanapobania: tumia kile cha kwenye chupa ya kupuliza kilichotengenezwa kwa ajili ya klei, au maji yenye shampuu ya gari kidogo, maji matupu hapana. Chukua eneo dogo, kama sentimita 50 kwa 50, lilowanishe kwelikweli, na klei yenyewe ilowanishe, halafu teleza kwa mistari iliyonyooka kwenda na kurudi, usizungushe, na usikandamize, vidole vinaongoza tu.

Mwanzoni utasikia inakokota, kuna kasauti kakavu fulani hivi na mkono unakwamakwama, usiogope, ndo inanasa. Ukiendelea kasauti kanapungua mpaka kanaisha na klei inaanza kukimbia yenyewe, hapo simama, kuendelea ni kusugua kliya tu, lile tabaka angavu linalokaa juu ya rangi. Ikianza kung'ang'ania ghafla ujue imekauka, ongeza kilainishi usiongeze nguvu. Halafu igeuze uiangalie, utaona michirizi ya kahawia na vidoti vyeusi, hivyo vidoti ndo vinavyomtisha jirani yako, maana ukiendelea na uso uleule unavisugua kwenye rangi. Kunja, kanda, toa uso msafi, endelea. Kwenye gari nyeusi mi ningekagua klei kila baada ya eneo moja, nyeusi haisamehi.

Kuhusu kula rangi: kliya ya kiwandani kwenye gari nyingi ina unene wa kama maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Klei laini ikiwa na kilainishi cha kutosha haikufikishi pabaya, ila zile kali zinaacha ukungu wa mikwaruzo midogo ambao itabidi uutoe na polishi. Angalia kiboksi, kama hakijaandikwa laini, kabadilishe.

Ukimaliza futa na kitambaa cha maikrofaiba, osha tena kama unaweza, na upake waksi siku hiyohiyo maana klei imeondoka na waksi ya zamani na rangi imebaki uchi. Kwa mwaka mara moja au mbili inatosha.

SWALI: Nimepiga klei gari yote, imekuwa laini safi, lakini juani bado naona ile mikwaruzo ya duara kama utando. Niliuziwa feki?

JIBU: Hapana, hujaibiwa. Klei inatoa kilichoota juu ya rangi, mkwaruzo ni shimo ndani ya kliya, na shimo halinasi. Hapo kazi ni ya polishi au kompaundi, ile inayokata zaidi ya polishi, na bora umetangulia klei maana ukipiga mashine juu ya chenga unazizungusha humohumo.

SWALI: Klei imeniponyoka ikaanguka chini, nikiiosha si inafaa?

JIBU: Tupa. Mchanga ukishaingia hautoki kwa kuosha, na kipande kimoja hakifikii hasara ya kupiga polishi mlango mzima. Ndo maana nasema kata vipande. Kama roho inauma kiweke kiwe cha kusafishia rimu, rangi kisiiguse tena. Vile vilivyobaki visafi vipulizie kilainishi kidogo na uvifunge kwenye kopo lisiloingiza hewa visikauke. Na kama gari yako ina rangi ile isiyong'aa ya kiwandani, klei usiisogeze kabisa, itaacha mabaka yanayong'aa na hayo hayana dawa.