Maswali ya Wasomaji: Kahamonika Kadogo Kananguruma Vipi Hivyo?

SWALI: Shikamoo kaka. Juzi usiku rafiki yangu kanitumia wimbo mmoja wa Waingereza wa zamani, hauna mtu anayeimba, nikamwambia hiyo saksafoni imekaa vizuri, jamaa akacheka mpaka basi, eti ni hamonika. Hii hii ya watoto? Nimerudia mara kumi bado siamini. Wanafanyaje mpaka inanguruma vile, na mimi nianzie kumsikiliza nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usione aibu, saksafoni wengi tumeisikia humo kabla ya kuambiwa.

Hamonika ya bluzi ina matundu 10 na ndani vilimi 20 vya shaba, ukipuliza tundu kinalia kimoja, ukivuta kinalia kingine, na ukiipiga kavu kavu sauti yake ni nyembamba kweli, wewe hujakosea. Mambo yanabadilika mpigaji anaposhika maiki na hamonika kwa pamoja na kuvizungushia viganja, anabana kama mtu aliyeteka maji mkononi asiache hata tone lidondoke. Hewa inakosa pa kutokea, zile sauti kali za juu zinafia humo humo mikononi, zinabaki za kati na za chini, na presha yote inaishia kwenye maiki. Na maiki yenyewe si hizi za waimbaji, ni za zamani zenye kichwa kama taa ya mbele ya baiskeli, Astatic JT-30 au ile ya kijani ya Shure namba 520, zilitengenezwa kwa ajili ya kutangazia na mawasiliano ya redio, hakuna aliyekuwa anawaza muziki. Sasa maiki inazidiwa, inasukuma sauti iliyokwisha kukwaruzika kwenye amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za ndani zinazokuza sauti, valvu nazo zinazidiwa, spika nayo inazidiwa. Kila kimoja kinaongeza ukwaruzo wake kidogo, na ukivijumlisha ndiyo unapata lile dude ulilodhani ni saksafoni. Little Walter wa Chicago alipotoa "Juke" mwaka 1952 kila mpigaji aliyekuja baada yake akawa na deni la kulipa.

Lakini kabla hujakimbilia kununua vifaa, fanya kitu hiki sasa hivi hapo ulipokaa: sema "ii" halafu "oo" kwa pumzi ile ile. Umeona mdomo ulivyopanuka nyuma na sauti ikanenepa? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mpigaji mzuri koo lake liko wazi kama mtu anayepiga miayo na pumzi inatoka tumboni, huyo hata umpe amplifaya mbovu atanguruma, na anayenyonya kwa mashavu umpe ya bei mbaya atakulilia kama mbu tu, mbu mwenye sauti kubwa.

Kwa Waingereza anza na Cyril Davies, wala usinibishie. Huyu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mnene, mkali, akaanzia kwenye banjo na gitaa la nyuzi 12 kabla hamonika haijamteka. Mwaka 1957 yeye na mpiga gitaa Alexis Korner walikuwa na klabu ya bluzi kwenye baa ya Round House, mtaa wa Wardour, Soho, London. Walipoanza kuchomeka vitu kwenye umeme ikabidi watafute pengine, na Machi 1962 wakafungua klabu Ealing, kijichumba cha chini ya ardhi chenye unyevu hatari, ambako Mick Jagger na Brian Jones, waliokuja kuwa The Rolling Stones, nao walikuwa wanakuja kunyemelea ujuzi. Jagger mwenyewe amesimulia kwamba alimwuliza Cyril noti inapindwaje, yaani sauti yake inashushwaje katikati ya kupiga, jamaa akamjibu kwa mkato atafute koleo. Fundi bodi huyo, ulitegemea nini!

Sikiliza "Country Line Special" ya 1963. Piano ni Nicky Hopkins, ngoma Carlo Little, bendi inakimbia kweli kweli na hamonika imewakalia juu, lakini mimi nataka usikilize zile noti anazozishikilia: inaanza safi, halafu anaminya viganja na papo hapo inachafuka, kama mtu aliyefunga mlango wa chumba chenye kelele. Hajagusa swichi yoyote. Alifariki Januari 1964 akiwa na miaka 31, kwa hiyo alichoacha kwenye rekodi utakimaliza kukisikiliza jioni moja, inauma.

SWALI: Mwanangu, naona siku hizi unawapamba Waingereza. Sisi tuliokula chumvi tunajua bluzi ni ya Wamarekani weusi, hao wengine waliiga tu. Utasemaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Waliiga, hilo sibishani nawe. Muddy Waters, mkongwe wa bluzi ya Chicago, alipokwenda Uingereza mwaka 1958 na gitaa lake la umeme wapo walioshtuka, walikuwa wanategemea mtu wa shambani na gitaa kavu. Baadaye mpiga hamonika wa Marekani, Sonny Boy Williamson, akaja, 1963 akarekodi na vijana wa The Yardbirds, na ukisikiliza vizuri pale mzee anapiga mbele ya maiki ya kusimama, mikono iko huru inafungua na kufunga, hana haja ya kelele, na Keith Relf aliyekuwa mwimbaji na mpiga hamonika wa bendi lazima alirudi nyumbani na mawazo. Huyo alikuwa mwalimu na wale wanafunzi, wazi kabisa.

Ila mzee nikupe kisa kimoja kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Amplifaya ambayo wapiga hamonika wanaililia mpaka leo ni Fender Bassman ya mwisho mwisho wa miaka ya 50, ya Marekani, spika nne za inchi 10, na iliundwa kwa ajili ya gitaa la besi! Sasa pale Hanwell, magharibi mwa London, jirani kabisa na Ealing, kulikuwa na duka la Jim Marshall, mpiga ngoma. Wateja wake walikuwa wanalalamika juu ya sauti wanayoitaka, mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakaichukua mchoro wa Bassman wakaunda ya kwao kwa vifaa walivyoweza kupata pale pale, na matokeo yake ndiyo Marshall ya kwanza. Karibu mchoro ule ule, lakini valvu ya mwanzo wakaweka yenye nguvu zaidi, spika zikawa za inchi 12 ndani ya boksi lililozibwa nyuma. Wapiga gitaa wakapata mbingu yao. Mpiga hamonika akichomeka humo sauti ya spika inarudi kwenye maiki, inapiga mluzi kabla hata hajavuta pumzi. Yaani mashine mbili ndugu wa damu, moja inampenda na nyingine inamfukuza, kisa valvu na boksi.

Ndiyo maana nasema waliiga lakini haikutoka vile vile. Mchukue Lee Brilleaux wa Dr. Feelgood, kazaliwa Durban, Afrika Kusini, kakulia Uingereza, bendi yao ya Canvey Island kule Essex. Albamu yao ya jukwaani "Stupidity" ilishika namba moja Uingereza mwaka 1976. Brilleaux si fundi wa noti nyingi hata kidogo, anapiga mafungu mafupi ya hasira kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa, na hiyo huipati Chicago wala Memphis. Au Mark Feltham wa bendi ya Nine Below Zero: jukwaani kwenye bluzi ni mwepesi na mwenye kasi, halafu 1988 ukamsikia kwenye albamu ya "Spirit of Eden" ya bendi ya Talk Talk, hamonika imekwaruzwa mpaka inakata kama bati, katikati ya muziki wa taratibu ambao si bluzi hata ukiulazimisha. Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imepasuka. Ya pili nikazima taa nikasikiliza vizuri. Nani wa Chicago alimfundisha hiyo mzee?

Mwingereza mwingine, John Mayall, simsahau, "Room to Move" ya 1969 naipenda, bendi haina ngoma na bado inakwenda, ila hiyo ni raha ya mdundo, kwenye mngurumo hayumo.

SWALI: Kaka habari, nimenunua maiki ya kristali iliyotumika, nimechomeka kwenye miksa ya kawaida, sauti nyembamba kama nzi kwenye kopo. Nikachomeka kwenye amplifaya ya gitaa ya rafiki yangu ndo ikawa inapiga kelele balaa, fidibeki mtindo mmoja. Nimeuziwa kimeo?

JIBU: Inawezekana ni nzima kabisa, usianze kugombana na aliyekuuzia. Maiki ya kristali inataka tundu lenye impidansi kubwa, yaani linaloukinza umeme wa maiki usinyonywe, tunazungumzia omu milioni moja kwenda juu, hata tano. Tundu la maiki la miksa ni la chini mno kwake, linainyonya besi yote inabaki hiyo nzi yako. Amplifaya ya gitaa ya valvu ndiyo sehemu yake, hapo ulipatia.

Fidibeki sasa. Trebo punguza mpaka uone umekosea, besi panda, sauti anzia chini. Amplifaya usiipe uso, simama ubavuni kwake, na ukiacha kupiga usiachie viganja wazi kuelekea spika, wengi wanaponzwa hapo. Kama bado, mpelekee fundi akutolee valvu ya kwanza ya 12AX7 aweke 12AY7, inaingia soketi ile ile, nguvu ya mwanzo inapungua, unapata nafasi ya kupandisha sauti kabla mluzi haujaanza. Ndiyo valvu iliyokuwemo kwenye Bassman yenyewe. Halafu ampu ndogo ya wati tano ukiiminya inatoa utamu kuliko kubwa uliyoiogopa ukaiacha sauti kwenye namba mbili, sauti ikiwa haitoshi iwekee maiki mbele.

Na hiyo kristali ni aina ya chumvi, inachukia unyevu na joto. Mimi niliwahi kuiacha ya kwangu kwenye gari lililopaki juani mchana mzima, jioni naipuliza inanong'ona tu kama mgonjwa, ndo basi tena.

SWALI: Bendi yetu inapiga kwenye ufunguo wa G, nimenunua hamonika ya G lakini haina ile ladha. Kwa nini?

JIBU: Chukua ya C. Lala kwenye noti za kuvuta, hasa tundu la pili, hiyo ndiyo G yako, na ukivuta ndipo noti zinakubali kupindwa kuanzia tundu la kwanza mpaka la sita. Hiyo ya G usiitupe, siku wakipiga D utaihitaji.