Maswali ya Wasomaji: Je, Wingu Hupasuka Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mwaka majira ya monsuni yafikapo husikia katika taarifa za habari kwamba wingu limepasuka kwenye milima ya Himalaya na kijiji kimesombwa na maji. Je, maji hufungwa ndani ya wingu kama ndani ya kiriba, hata likapasuka? Na mbona mikasa hii huiandama milima kuliko nchi tambarare?

JIBU: Hakuna kinachopasuka. Jina hilo limerithiwa kutoka zama ambazo watu walidhani wingu ni mfuko wa maji, nalo limedumu kwa sababu linaeleza vyema jinsi mvua hiyo inavyomwangukia aliye chini yake. Idara ya Hali ya Hewa ya India huihesabu mvua kuwa ya kupasuka kwa wingu inapofikia milimita 100 au zaidi kwa saa moja, katika eneo dogo la kilomita za mraba 20 hadi 30 hivi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo milimita 100 juu ya kilomita za mraba 20 ni lita bilioni 2, na zote zimeshuka kabla saa moja haijatimia.

Mlima unahusika mara mbili katika jambo hili. Kwanza, upepo uliojaa unyevu unapokabiliana na mlima hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, mvuke wake ukageuka matone. Kugeuka huko hutoa joto, nalo joto huisukuma hewa ipande zaidi, hata wingu la radi likarefuka kufikia kilomita 12 au 15. Hewa ipandayo kwa nguvu huyashikilia matone angani, yakaendelea kugongana na kukua, mpaka uzito wao unapoishinda hewa hiyo na yote yakashuka kwa pamoja. Iwapo pepo za juu ni dhaifu, wingu halisogei, na mteremko ule ule huendelea kupigwa.

Pili, na kwa maoni yangu hili ndilo huua zaidi, mlima huyakusanya maji. Mvua kama hiyo ikinyesha uwandani, maji hutandaa, yakafika magotini pengine, kisha yakapungua. Mlimani kila gema huyatupa kwenye kijito kimoja, na kijito hicho hukokota udongo, magogo na mawe makubwa, hata kinachofika kijijini hakistahili tena kuitwa maji. Jioni ya tarehe 31 Julai 1976, wingu la radi liliganda juu ya korongo la mto Big Thompson, jimboni Colorado, Marekani, likanyesha takriban milimita 300 katika muda wa saa chache. Watu 144 walikufa, na wengi wao walikuwa katika magari, wakijaribu kuyakimbia maji kwa kuifuata barabara iliyopita kandokando ya mto huo huo.

SWALI: Ikiwa setilaiti zinaona hadi vimbunga vilivyo baharini, kwa nini watabiri hawatupi onyo la siku mbili tatu?

JIBU: Kwa sababu kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na huishi kwa siku nyingi, ilhali wingu tunalolizungumzia huzaliwa, hukua na kumaliza kazi yake kwa saa chache, pengine ndani ya bonde moja tu. Mtabiri anaweza kutangaza kwamba hali ya wilaya nzima inaelekea kuleta ngurumo kali. Kutaja ni bonde lipi litakalopigwa ni jambo jingine. Rada ingeweza kusaidia, lakini vilele vya milima huyakinga mawimbi yake, na vipima mvua huwa vichache mahali ambapo watu ni wachache.

Mfano wa Leh, katika eneo la Ladakh kaskazini mwa India, unatosha. Mji huo uko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi kavu ambayo kwa kawaida hupata kiasi cha milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010, mafuriko ya tope yaliyabomoa makazi na kuua zaidi ya watu 170. Kipima mvua cha mjini kiliandika takriban milimita 13 tu, kwa kuwa kiini cha mvua kilikuwa mahali pengine.

SWALI: Je, kila mafuriko ya ghafla milimani husababishwa na kupasuka kwa wingu?

JIBU: La, ingawa jina hilo hutajwa haraka mno kabla ya yeyote kupima lolote. Maafa ya Juni 2013 ya Kedarnath, mji wa hija katika milima ya Himalaya nchini India, yalitokana na mvua kubwa ya siku kadhaa pamoja na kubomoka kwa ukingo wa ziwa Chorabari lililokuwa juu ya mji.

SWALI: Mtu aliye bondeni atatambuaje hatari, na afanye nini?

JIBU: Asingoje mvua imfikie, kwani huenda inanyesha juu mlimani huku kwake kukiwa kukavu. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, yakianza kuleta majani na vijiti, au ukisikika mngurumo wa mawe yanayogongana, aliache gari na mizigo, apande kwa miguu ubavuni mwa bonde, wala asikimbie kuelekea mto unakoelekea. Katika makorongo ya Colorado viliwekwa vibao barabarani vinavyosema hivyo hivyo. Dalili inayowahadaa wengi ni mto kupungua ghafla wakati wa mvua: mara nyingi maana yake ni kwamba maporomoko ya udongo yameuziba huko juu, maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi hicho, na kizuizi chenyewe kinaweza kuachia wakati wowote.