Ukitaka chumba kipoe, lizuie jua likiwa bado nje

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jua huichoma hewa kwanza, kisha hewa ndiyo inayotuchoma sisi. Kwa hiyo chumba changu cha kazi, chenye dirisha linalotazama magharibi, kiliponishinda kwa joto, nilitundika pazia zito jeusi upande wa ndani na kuziba kila upenyo. Alasiri chumba kikawa na giza, lakini joto halikupungua. Siku moja nikapenyeza mkono kati ya kioo na pazia. Hewa ya pale ilikuwa ya moto kama ya juu ya jiko, na kitambaa nilikishika nikakiachia upesi. Nikaelewa kwamba nililokuwa nimetundika pale ni hita.

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na sehemu kubwa kabisa ya njia hiyo haina hewa. Hata hivyo mwanga wake hutufikia kwa dakika 8 na sekunde chache. Maana yake, hakuna hewa inayotubebea joto hilo kutoka huko. Linakuja kwa mnururisho, yaani kwa miale: mwanga tunaouona, pamoja na miale ya infraredi ambayo hatuioni. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana patupu, na kipimajoto kikapanda. Miale hiyo, inayoonekana na isiyoonekana, hugeuka joto pale tu inapofyonzwa na kitu.

Na hewa si mfyonzaji hodari. Kati ya nishati yote ya jua inayoifikia dunia, karibu asilimia 30 hurudishwa angani, hasa na mawingu. Asilimia 20 na ushei hufyonzwa njiani na mvuke wa maji, mawingu, vumbi na ozoni. Karibu nusu nzima huishia kwenye ardhi na bahari. Kwa hiyo hewa tunayovuta hupashwa zaidi kutokea chini, kama maji kwenye sufuria.

Jinsi inavyopashwa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ardhi yenye moto huipasha hewa inayoigusa, tabaka jembamba la milimita chache tu. Kwa kugusana peke yake joto lisingefika mbali, kwa sababu hewa hupitisha joto polepole mno. Blanketi hutufaa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Lakini hewa iliyopata moto hutanuka, ikawa nyepesi, ikapaa, na ya baridi zaidi ikashuka kushika nafasi yake. Huo ndio myuko. Utazame mchana juu ya barabara ya lami: vitu vya mbali vinacheza na kutetemeka, kwa kuwa unavitazama kupitia hewa ya moto na ya baridi zikipishana. Tai naye huizunguka nguzo ya hewa kama hiyo na kupanda juu bila kupiga mbawa. Hewa kavu inayopaa hupoa karibu nyuzi 10 za selsiasi kwa kila kilomita, kwa kuwa inazidi kutanuka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kilele cha mlima kuwa na baridi ingawa kiko "karibu" na jua.

Turudi dirishani. Kioo cha kawaida huruhusu mwanga wa jua kupita. Pazia langu jeusi liliufyonza, likapata moto, likaanza kutoa infraredi ya mawimbi marefu, na hiyo kioo hakiipitishi. Joto likabaki ndani pamoja nami. Nililiondoa pazia, nikafunga kitambaa cheupe kizito upande wa nje, shubiri moja kutoka kwenye kioo, juu na chini nikiacha wazi. Ule mwanya nao ni muhimu: hewa inayopata moto humo hupaa na kwenda zake badala ya kukaa ikikipasha kioo. Tofauti niliisikia mwilini alasiri ile ile. Kama huna ruhusa ya kufunga kitu nje, basi pazia la ndani liwe jeupe upande unaotazama kioo, ili sehemu ya mwanga irudi kama mwanga.

Paa la bati linafuata kanuni hiyo hiyo. Ukihisi utosi unawaka ukiwa umekaa chini yake, ni mnururisho wa bati, na feni haiuzuii. Feni husogeza hewa tu. Dari husaidia, rangi nyeupe juu ya bati husaidia zaidi, na matundu ya kutolea hewa yawe juu kabisa, kwa sababu hewa ya moto hujikusanya huko.

Usihukumu pia kwa saa. Jua huwa kali zaidi karibu na saa sita mchana, lakini hewa hufikia kilele chake kati ya saa nane na saa kumi, maana ardhi inaendelea kuipasha. Mimi hufunga madirisha mapema, kabla hewa ya nje haijaizidi ya ndani, na kuyafungua yote usiku. Kipimajoto nakiweka kivulini, kimo cha kifua. Kikipigwa na jua hujipima chenyewe, hakipimi hewa.

Jambo ninalokusihi kwa moyo wote ni la watoto. Mtoto anayetembea juu ya lami yuko karibu zaidi na mahali joto linapoanzia, kwa hiyo usipime hali yake kwa uso wako ulio juu. Gari lililoegeshwa juani nalo ni kile chumba changu, chenye vioo pande zote na viti vyeusi badala ya pazia. Kushusha kioo kidogo hakutoshi. Ukishuka, hata kwa dakika tano, shuka naye.