Mashine iwe karani, isiwe mtunzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayetaka kuanza hadithi ya mfululizo mtandaoni, akili mnemba imsaidie wapi na iishie wapi? Mimi naandika mapenzi na visasi kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, zinazofuata msomaji analipia kwa simu. Jibu langu: ipe ukarani, usiipe mdomo.

Kinachotuangusha wengi ni kusahau, visa tunavyo tele. Sehemu ya 4 mama mkwe ni mjane, sehemu ya 19 mumewe anapiga simu kutoka Tanga, na wasomaji wetu hawana huruma. Hapo programu kama ChatGPT inafaa. Fungua faili moja: majina, umri, nani anajua siri ya nani, nani anamdai nani. Ukimaliza sehemu, ibandike, iagize ioneshe kilichobadilika, nawe ukague kabla hujaingiza kwenye faili. Usitegemee ikumbuke yenyewe, maana mazungumzo yakirefuka, ya mwanzo yanaanza kupotea. Kila unapoanza upya, bandika faili.

Maneno ya wahusika, hapana. Niliwahi kuiomba konda wa daladala ya Mbagala, abiria wanagombania mlango. Ikaandika: “Tafadhali ingieni kwa utaratibu, ndugu abiria, nafasi bado zipo.” Konda gani huyo? Wangu alisema: “Sogeeni nyuma kule, kuna uwanja wa mpira! Mama, mkoba pakata.” Methali nazo inajitungia tu, zinapendeza kweli, ila hakuna bibi aliyewahi kuzisema. Tena ina ugonjwa wa kusuluhisha. Sehemu haijaisha, mke na mchepuko wameshakumbatiana na kusameheana. Sasa kesho msomaji alipie nini? Mwisho andika mwenyewe: simu inaita usiku, jina lililotokea kwenye kioo si la mumewe, basi, “Itaendelea”. Arosto, ile kiu ya kutaka kujua kinachofuata, ndiyo biashara yetu.

Wapo wanaoona dili ni kufyatua sehemu kumi kwa siku. Februari 2023 jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi, Clarkesworld, lilisitisha kwa muda kupokea kazi baada ya kumiminiwa hadithi za mashine. Septemba mwaka huohuo Amazon ikaanza kuwataka wanaochapisha vitabu kwake waseme kama maandishi yametungwa na akili mnemba. Kwenye makundi yetu hakuna anayekuuliza, lakini watu wananusa, na wakishanusa hawalipii tena.

Anayeanza aweke akiba ya sehemu kama kumi kabla hajarusha ya kwanza, maneno elfu moja hivi kila moja, achague siku na saa, asizibadili. Umeme ukikatika au mtoto akiugua, akiba inamvusha. Maoni ya wasomaji ayasome yote, ila asiibandikie mashine imchagulie njia. Wakishabashiri kuwa muuaji ni shemeji, ana mpaka Ijumaa kuamua kama wamepatia.

Msomaji, Temeke