Ukienda kwa General Sherman, usiishie kwenye uzio

Wengi wanaofika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California, hupiga picha mbele ya General Sherman, ule mti mnene wa aina ya sekwoya, kisha hao, garini. Picha piga, ila usiishie hapo.

Kwanza jiandae: unaweza kuuona ukajiuliza, ndio huu? Urefu wake ni mita 83 na ushei, na sisi Kilimanjaro tuna mkukusu uliopimwa mita 81.5. Maajabu yake yako kwenye unene. Shina lina takriban mita za ujazo 1,487, na hakuna mti mwingine wa shina moja ulio hai unaolifikia. Jicho halielewi mpaka lione mtu kando yake, kwa hiyo mwenzako asisogelee kamera. Abaki kule kwenye uzio, wewe ndiye urudi nyuma.

Kuugusa huruhusiwi. Mizizi yake haizami sana, hutambaa pembeni, na nyayo za watu hushindilia udongo juu yake. Ukitaka kugusa sekwoya, shika Congress Trail inayoanzia hapohapo: mzunguko wa kama kilomita tatu, una lami, na ukishatembea kidogo kelele zote umeziacha nyuma. Mingine imeota kabisa kando ya njia. Niliweka kiganja kwenye gome la mmoja: nyuzinyuzi tupu, kama makumbi ya nazi, ukibonyeza linabonyea. Gome hilo hufikia unene wa hata sentimita 60, na ndilo linaloukinga mti na moto. Utaona mashina yenye makovu meusi unayoweza kuingia ndani yake, na juu majani ni ya kijani. Moto wa wastani huwa hata na faida, maana joto hufungua vikoni, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, na mbegu hudondokea kwenye majivu. Ile mioto ya 2020 na 2021 ndiyo iliyopita kiasi, ikaua sekwoya kubwa kwa maelfu. General Sherman wenyewe ulizungushiwa karatasi za alumini sehemu ya chini ya shina ili kuukinga.

Kutoka maegesho makuu ni mteremko wa kama mita 800, wenye ngazi. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kunakokata pumzi, maana uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukiwa na mzee, kiangazi kuna basi la bure la hifadhi linalosimama upande wa chini, mpandishe hilo.

Mafuta jaza Three Rivers, mji ulio nje ya lango, ndani ya hifadhi hakuna kituo. Na chakula usikiache garini, hata biskuti za watoto: dubu wa kule huvunja magari. Weka kwenye yale makasha ya chuma ya maegesho.