Tofauti za y hazilingani: je, ni mstari mnyoofu?

SWALI: Nilipewa jedwali lenye x = 1, 2, 4, 7 na y = 5, 8, 14, 23. Nilipotafuta tofauti za y nikapata 3, 6, 9. Kwa kuwa hazilingani, nikajibu kuwa uhusiano huu si wa mstari mnyoofu. Nikakosa. Nimekosea wapi?

JIBU: Kutoa umetoa sawasawa, ila umeishia njiani. Umeitazama y peke yake, kumbe x nayo hairuki kwa hatua moja: inaongezeka kwa 1, kisha 2, kisha 3. Gawanya kila ongezeko la y kwa ongezeko la x la pengo hilohilo: 3÷1, 6÷2, 9÷3. Kote unapata 3. Huo ndio mwinuko, na usipobadilika katika pengo lolote, nukta zote zimelala kwenye mstari mmoja.

Mazoea haya huletwa na majedwali ya kujifunzia, ambayo karibu yote huwa na x = 0, 1, 2, 3. Hapo kutazama y tu kunatosha. Mtego unaofanana na wako, ila kinyume chake, ni huu: x = 1, 2, 4, 8 na y = 3, 6, 9, 12. Tofauti za y ni 3 tupu, zinavutia kweli, lakini ukigawanya unapata 3, 1.5, 0.75. Huo si mstari mnyoofu.

Usiridhike na pengo moja. Nukta mbili daima hupitiwa na mstari mnyoofu, kwa hiyo ushahidi huanzia nukta ya tatu.

Angalia pia alama hasi. Kutoka x = −3 hadi x = 1 ni hatua 4, maana 1 − (−3) = 4; wengi huandika −2 na mwinuko wote unaharibika. Na y zikiwa 6, 6, 6, usishtuke: mwinuko ni 0, mstari umelala tu. Lakini x moja ikiwa na y mbili tofauti, hiyo si fanksheni kabisa, maana kwenye fanksheni kila x hupewa y moja tu.

Turudi kwenye jedwali lako: ukishapata mwinuko 3, andika y = 3x + c, ambapo c ni namba isiyobadilika. Weka nukta ya kwanza: 5 = 3 + c, hivyo c = 2. Hakiki kwa nukta ya mwisho, ambayo hukuitumia kutafuta c: 3 × 7 + 2 = 23.