Majani ya Mlimani na Majani ya Bondeni

SWALI: Nilichuma majani ya artemisia katika mashamba mawili, moja likiwa mlimani na jingine bondeni, nikayatia ya kila shamba katika mfuko mmoja na kuyapeleka maabara yapimwe artemisinini, yaani dawa ya malaria iliyomo ndani yake. Ya mlimani yalikuwa nayo karibu mara mbili. Je, naweza kusema kwamba udongo wa mlimani ndio unaoongeza dawa?

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo chako huenda ni sahihi, lakini udongo bado haujathibitishwa. Artemisinini, ambayo ugunduzi wake ulimpatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo vilivyo juu ya majani, na kwa kawaida kiasi chake huongezeka kadiri mmea unavyokaribia kuchanua. Kama mimea ya mlimani ilikaribia kutoa maua ilhali ya bondeni ilikuwa bado michanga, basi ulipima umri ukidhani unapima mahali.

Maji nayo hupotosha. Gramu 100 za majani mabichi yenye maji asilimia 80 hubakiza gramu 20 yakikauka, na yenye maji asilimia 75 hubakiza gramu 25. Ukihesabu kwa uzito wa majani mabichi, majani ya pili yataonekana kuyazidi ya kwanza kwa dawa kwa robo nzima hata kama majani makavu yanalingana kabisa. Iulize maabara kama ilihesabu kwa uzito mkavu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mfuko mmoja kwa kila shamba. Artemisia iliyooteshwa kwa mbegu hutofautiana sana hata mimea ikiwa jirani, na majani yakishachanganywa huwezi tena kujua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Nakusihi urudie: chagua angalau mimea 10 kila shamba bila kupendelea iliyostawi, tenga majani ya kila mmoja, yachume ikiwa katika hatua ileile ya ukuaji, uondoe vijiti, kisha uyakaushe yote kivulini kwa namna moja.

Hata hivyo mbegu zenyewe zinaweza kuwa tofauti. Vipandikizi vya mmea mmoja vikipandwa katika mashamba yote mawili, tofauti itakayobaki itakuwa ya mahali, yaani udongo, mwinuko, mvua na jua kwa pamoja. Ukitaka kuutaja udongo peke yake, itakubidi uubebe: jaza vyungu kadhaa udongo wa mlimani na vingine wa bondeni, uvipande vipandikizi hivyo, uvitunze vyote mahali pamoja.